Kabla greda halijafika sokoni: mwongozo wa kujenga upya soko la mtaani pamoja na wanaouza humo

Mwongozo huu nauandika kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe kijana uliyeajiriwa juzi katika idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, ukaitwa ofisini ukaambiwa, "Soko lile linajengwa upya, nenda kaongee na wananchi." Wa pili ni wewe mwenyekiti au katibu wa kamati ya soko, ambaye umeona watu wa vipimo wakipita katikati ya meza zenu na kamba na rangi nyekundu, wakaondoka bila kusema neno.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii mstaafu. Nimekulia Ilala, jijini Dar es Salaam, kwenye mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita masokoni: kuhesabu meza, kusuluhisha ugomvi wa vizimba, kukaa vikao na wahandisi. Sijawahi kukutana na mama anayependa kuuza nyanya juu ya tope. Watu wa soko wanataka paa, wanataka choo chenye maji, wanataka mtaro usionuka. Wanaposimama mkutanoni na kupinga mradi, chimba kidogo tu utakuta maswali mawili chini yake. Je, nitarudi? Na je, mteja wangu atanifuata? Mengine yote, kodi, mchoro, vumbi, kelele, yananing'inia kwenye hayo mawili. Ukiyajibu kwa maandishi mapema, kazi inakwenda. Ukiyakwepa, hata ukiwajengea jengo la marumaru litakaa tupu.

Anza kwa kusimama sokoni

Kabla hujaitisha mkutano wowote, nenda sokoni na daftari la kawaida ukasimame. Nenda saa kumi alfajiri malori yanaposhusha matenga na viroba. Rudi saa tano asubuhi wanunuzi wa nyumbani wanapofika. Rudi tena saa kumi na mbili jioni watu wakitoka kazini. Fanya hivyo siku ya kazi, fanya Jumamosi, na ikiwezekana fanya siku ya mvua, maana siku ya mvua ndiyo inayokuonyesha maji yanapotokea na yanapotuama.

Unatafuta mambo matatu. Kwanza njia ya mteja: anashukia kituo gani cha daladala, anaingilia wapi, anapita mbele ya meza zipi, anatokea wapi. Chora njia hiyo kwa kalamu, hata kama mchoro wako ni mbaya. Soko la barabarani linaishi kwa watu wanaopita. Muuzaji wa ndizi pembeni ya kituo hauzi kwa sababu ndizi zake ni tamu kuliko za mwenzake wa ndani. Anauza kwa sababu mtu anayekimbilia gari anamwona.

Pili, ujirani wa bidhaa. Muuza samaki amekaa karibu na muuza ndimu na pilipili kwa sababu mteja mmoja anawafuata wote wawili. Muuza nazi yuko karibu na mchele. Anayekodisha mashine ya kukuna nazi yuko karibu na hao. Ukiwatawanya kwa sababu mchoro unataka "kanda", umewakata wateja bila kujua.

Tatu, na hili wageni wa mchana hawalioni kamwe: nafasi moja inaweza kuwa na watu watatu kwa siku. Alfajiri pana mama wa supu na chapati. Mchana pale pale pametandikwa turubai la mitumba. Jioni pana kijana wa chipsi na mishikaki. Ukihesabu saa sita mchana utaandika mtu mmoja, na wawili waliobaki watakuja kulia mlangoni kwako siku ya ugawaji.

Daftari la majina

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko popote, kwa sababu hapa ndipo miradi ya masoko inapovunjikia.

Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati jengo kuu na kujenga jingine jipya pembeni yake. Fedha zilipatikana, mkandarasi alipatikana. Lakini mwaka 2024, wakati wa kuwarudisha wafanyabiashara ulipokaribia na orodha ya majina kutolewa, walijitokeza hadharani watu waliosema walikuwa sokoni kabla ya moto na majina yao hayamo. Na lile ni soko lenye shirika lake lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1974, lenye ofisi na mikataba. Sasa fikiria soko la kandokando ya barabara ambako ushuru unakatwa kwa siku na risiti inatupwa jioni.

Kwa hiyo daftari lifanywe hivi. Waende wawili wawili, mmoja wa halmashauri na mmoja aliyechaguliwa na wauzaji wa mstari ule. Kila mtu aandikwe akiwa kwenye nafasi yake, asiitwe ofisini. Andika jina, namba ya kitambulisho cha taifa, namba mbili za simu (yake na ya ndugu, kwa sababu simu za sokoni zinabadilika), anauza nini, anauza saa ngapi hadi saa ngapi, tangu mwaka gani, na nafasi yake ina urefu na upana gani. Mpige picha akiwa amesimama kwenye meza yake. Wapo ambao bado wana vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000. Hivyo vinasaidia kama ushahidi, lakini usivifanye sharti, maana wengi hawakuwa navyo na wengine wamevipoteza.

Siku ya kuhesabu isitangazwe wiki mbili kabla. Ukiitangaza mapema, asubuhi yake utakuta meza mpya zimechipuka usiku, kila moja na fungu moja la mchicha na kijana ambaye hajui bei yake. Anza kuhesabu, na siku hiyo hiyo tangaza kwa spika kwamba tarehe ya mwisho ya kutambuliwa ni leo kwa walio kwenye nafasi. Kisha toa siku za kutosha kwa wagonjwa, waliosafiri na wazazi waliojifungua kuja na mashahidi wawili wa mstari wao.

Likikamilika, libandike ukutani. Narudia: libandike ukutani, palipo na kivuli, kwa wiki mbili kamili, likiwa na majina na bidhaa bila namba za simu wala za vitambulisho. Na kwa kuwa wapo wasiosoma, lisomwe kwa sauti mstari kwa mstari, wauzaji wakiwepo. Majina hewa hayavumilii kusomwa mbele ya watu wanaojuana, mtu atauliza, "Huyo ni nani? Meza yake iko wapi?" na jina litaondoka lenyewe. Mapingamizi yaandikwe na kujibiwa kwa barua fupi. Mwisho mwenyekiti wa kamati, mtendaji wa kata na mkurugenzi au mwakilishi wake watie saini kila ukurasa.

Nakala zikae mahali pasipopungua pane, na angalau mbili ziwe nje ya soko. Miezi michache tu baada ya Kariakoo, usiku wa Januari 16, 2022, soko la mitumba la Karume nalo liliteketea, hapo hapo Ilala. Daftari lililofungiwa kwenye kabati la ofisi ya soko linaungua pamoja na soko.

Limebaki jambo gumu. Mwenye meza na anayeuza juu ya meza mara nyingi ni watu wawili. Yupo mzee aliyepata meza tano enzi hizo, sasa anakaa nyumbani na kuwapangisha vijana. Halmashauri inapokea ushuru mdogo, yeye anapokea pango kubwa. Yupo pia mjane ambaye meza ya marehemu mume wake ndiyo ada ya shule ya watoto, na amemweka mpwa wake auze. Usiwahukumu hawa wawili kwa kanuni moja. Waandike wote: mmiliki anayetambulika na muuzaji halisi. Ushauri wangu, niliousimamia kila nilipoulizwa, ni kwamba anayeuza kila siku apate nafasi kwa jina lake, mwenye meza nyingi abaki na moja, na wajane, wazee na wenye ulemavu wasikilizwe mmoja mmoja na kamati yenye wanawake ndani yake. Uamuzi huo upitishwe na ujulikane kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Ukiuacha hadi jengo likamilike, wenye nguvu watauamua wao, na kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi, kitaanza kutozwa kwenye vizimba ambavyo bado havijapakwa rangi.

Mikutano midogo kwanza

Mkutano mkubwa wa hadhara una kazi yake, lakini haukusanyi hoja. Kwenye mkutano mkubwa wanaongea watu wale wale: mwenyekiti, kijana mwenye sauti, na mwanasiasa aliyekuja na watu wake. Mama lishe hatasimama kusema kwamba anaogopa kupelekwa ghorofani na majiko yake.

Kaa nao kwa makundi ya kazi. Wauza samaki peke yao, wauza nafaka peke yao, mitumba, mboga, mama lishe, kuli na wasukuma mikokoteni, bodaboda na bajaji. Wafuate muda unaowafaa wao. Mama lishe hawezi kukaa nawe saa saba mchana, mpe saa kumi. Wauza samaki wa jumla wamemaliza kazi wakati wewe ndiyo unafika ofisini, kwa hiyo amka mapema. Kaa kwenye benchi lao. Usiweke meza kuu yenye kitambaa na maji ya chupa.

Maswali yako yawe ya kazi yao. Mteja wako wa kwanza anatokea wapi? Mzigo wako unaulaza wapi usiku, na unalipa kiasi gani? Maji unayapata wapi? Ni nini ukikiondoa hapa biashara yako inakufa? Kuli watakwambia kitu ambacho mhandisi hakukiwaza: kwamba njia lazima ipitishe watu wawili wanaopishana, mmoja akiwa na tenga kichwani, na kwamba ngazi tatu tu zikiwekwa mlangoni, mkokoteni hauingii tena.

Kila hoja iandikwe kwenye karatasi kubwa ya safu nne: hoja, jibu, nani anawajibika, lini. Karatasi hiyo nayo ukutani. Usiandike "tutalifanyia kazi". Watu wa soko wamelisikia jibu hilo tangu enzi za wazazi wao na wanalijua maana yake. Kama jibu ni hapana, andika hapana na sababu. Kama hujui, andika tarehe utakayoleta jibu, kisha ulete. Hoja ndogo zijibiwe upesi, kwa mfano taa ya njia ya nyuma au zamu ya kuzoa taka, maana watu wakiona dogo limetekelezwa ndani ya wiki mbili wanaanza kukuamini kwenye kubwa.

Na wakazi wa mtaa usiwasahau. Mwenye nyumba inayotazamana na soko ana kero zake halali: malori yanayoziba lango lake usiku, maji machafu ya samaki, kelele za spika. Msikiti, kanisa na shule za jirani wana zao. Pitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, itisha mkutano wa wakazi, na hoja zao ziingie kwenye karatasi ile ile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari na wananchi washirikishwe. Dai uione ripoti hiyo, ikiwa kwa Kiswahili.

Piga hesabu ya kodi mbele yao

Hesabu hii inaogopwa na pande zote mbili, kwa hiyo ipigwe hadharani kwenye ubao.

Chukua mfano wa kufikirika. Jengo la shilingi bilioni 5 lenye vizimba 800. Kila kizimba kimegharimu 6,250,000. Kama halmashauri inataka kurudisha fedha hiyo kwa miaka 20, ni 312,500 kwa mwaka, yaani kama 26,000 kwa mwezi, na hapo hujaweka riba, mlinzi, usafi, umeme wa ngazini na matengenezo. Muuza nyanya aliyekuwa akilipa ushuru wa 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, alitoa 13,000. Umemwongezea maradufu kabla hujamlipa mlinzi. Je, nyanya zitapanda bei? Mteja atakubali, au atanunua kwa kijana aliyebaki nje barabarani asiyelipa chochote?

Ndiyo maana chanzo cha fedha ni suala la jamii, wala si la mweka hazina peke yake. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliungua 2006. Jengo jipya likaja kwa mkopo wa benki, likachukua miaka mingi, na lilipokamilika kodi zikawa kilio. Kabla baraza la madiwani halijapitisha mkopo, kamati ya soko iombe kuona ratiba ya marejesho na kodi inayokusudiwa. Diwani wenu ana haki ya kuipata, na ninyi mna haki ya kumuuliza. Fedha ya ruzuku ikiwepo, isemwe wazi kwamba haihitaji kurudishwa, ili kodi isipangwe kana kwamba ni mkopo.

Njia ninayoipendelea ni kodi kupanda kwa hatua: miezi ya kwanza kiasi kile kile cha zamani, kisha nyongeza iliyoandikwa kwenye mkataba. Vizimba vya mbele na fremu za nje vilipe zaidi na vivibebe vya ndani. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu iunganishwe na soko, kwa sababu mtu aliyesimama biashara miezi kadhaa anarudi bila mtaji.

Mchoro uonjwe kwa miguu

Mchoro wa kwenye karatasi unawafaa waliosomea. Kwa wengine wote, tafuta uwanja wa shule siku ya Jumapili, chukua chokaa, chora chini vizimba sita na njia zake kwa vipimo vya kweli. Lete meza halisi, matenga halisi, mama aketi, kuli apite na mzigo, mteja mwenye mtoto mgongoni asimame. Kwa saa moja utajifunza kama kizimba cha mita moja na nusu kinamtosha muuza kabichi. Mhandisi awepo, na awe na futi kamba mkononi. Niliwahi kumwona msanifu kijana akifuta mstari na kuusogeza kwa hiari yake mwenyewe baada ya kuli kugonga meza mara tatu.

Kuhusu ghorofa nina msimamo mkali. Nyanya, mboga, samaki, ndizi na kila kinachooza au kinachobebwa kichwani kikae chini. Juu wapande mafundi cherehani, saluni, mafundi simu, ofisi, benki, maghala ya bidhaa kavu, watu ambao mteja huwafuata kwa jina. Machinga Complex pale Ilala ilijengwa kwa nia njema na kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini kwa miaka mingi vizimba vingi vya juu vilibaki vitupu huku waliojengewa wakirudi barabarani. Mteja aliyeshuka daladala na haraka zake hapandi ngazi kutafuta soksi. Na wamachinga walipopangiwa maeneo mapya mwishoni mwa 2021, kilio kilichosikika zaidi kilikuwa kile kile, kwamba huko tulikopelekwa hakuna watu.

Ukitaka kuona mchoro uliofikiriwa, litazame jengo la Kariakoo lililofunguliwa 1975, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Paa lake la zege limesimama kama miavuli mikubwa. Linatoa kivuli, linapitisha hewa, na lilikusudiwa kukinga maji ya mvua na kuyaelekeza kwenye hifadhi. Biashara ya jumla ikawekwa shimoni, yaani sakafu ya chini ya ardhi, ambako mizigo inashushwa, rejareja ikakaa ambako watu wanaingia. Alielewa kwamba soko la pwani linahitaji upepo kuliko linavyohitaji kioo. Leo naletewa michoro ya masoko yenye kuta za vioo upande wa jua la mchana, na inaniuma.

Mambo mengine ya mchoro nayataja haraka. Mtaro wa samaki uwe na mteremko na mfuniko unaonyanyulika kwa mkono. Bomba la maji kila mstari wa samaki na nyama. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, na pawe na chumba cha kunyonyeshea. Mama lishe wapewe eneo lenye bomba la moshi, mbali na nguo na plastiki. Umeme uwe na mita kwa kila kizimba, usiunganishwe na fundi wa mtaani. Gari la zimamoto liweze kuzunguka jengo lote, na njia hiyo isigeuzwe kuwa vizimba vya nyongeza baada ya mwaka. Hilo la mwisho hutokea sana, kwa hiyo liandikwe kwenye mkataba wa kila mpangaji.

Soko la muda

Watu wengi huliandikia soko la muda ukurasa mmoja kwenye mpango wa kurasa mia. Mimi ningeliandikia robo ya mpango. Muuzaji mdogo anakula alichouza leo. Akikosa mteja wiki tatu, mtaji umeliwa, na siku ya kurudi atakuwa jina tu kwenye orodha.

Soko la muda lijengwe kwanza, lianze kufanya kazi, ndipo la zamani livunjwe. Liwe kwenye njia ile ile ya mteja uliyoichora. Kama hakuna uwanja karibu, omba mradi ugawanywe vipande viwili: nusu ya soko ijengwe, nusu iendelee kuuza. Mkandarasi atasema ni ghali na ni polepole. Mwambie akuandikie ghali kiasi gani, kisha ulinganishe na hasara ya watu mia nane kwa mwaka mzima. Kwa soko la barabarani, funga upande mmoja wa barabara kwa zamu.

Liwe na paa, choo, maji, taa, mlinzi, ghala la usiku na vizima moto. Usijidanganye kwamba ni la miezi sita. Pale Mbeya, soko la SIDO lililowapokea wafanyabiashara wa Mwanjelwa lilidumu miaka na miaka, na Agosti 2017 likateketea. La muda nalo linabeba mitaji ya watu.

Zungumza na mamlaka inayosimamia usafiri ili kituo cha daladala kihamie pamoja na soko, na bajaji wapewe maegesho pale. Weka mabango makubwa kwenye soko la zamani yanayoonyesha kila kundi limehamia wapi. Ushuru usimamishwe miezi ya mwanzo. Halmashauri itapoteza kidogo, lakini muuzaji atabaki hai. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye cheti cha kila mmoja, pamoja na namba yake ya daftari na saini ya mkurugenzi. Cheti hicho ndicho jibu la swali la kwanza, na kila mtu akilaze nyumbani kwake.

Wakikataa kabisa

Itatokea. Usikimbilie askari wa mgambo. Rudi kwenye maswali mawili uangalie lipi halijajibiwa. Na ukubali pia kwamba wakati mwingine wako sahihi. Huko Durban, Afrika Kusini, mwaka 2009 mji ulitaka kuliondoa soko la asubuhi la Warwick, lililokaribia kutimiza miaka 100, ili ijengwe maduka ya kisasa. Wauzaji walipinga, wakapata wanasheria na wataalamu wa kuwasaidia, na mradi ukaachwa. Soko lipo. Miaka kabla ya hapo mji huo huo ulikuwa umekaa na wauza dawa za asili wa Warwick, wakapewa soko juu ya barabara ya juu iliyokuwa haitumiki. Mji ni ule ule na mahali ni pale pale, lakini mara moja waliketi na watu na mara ya pili hawakuketi.

Ninyi wa kamati, mkipinga, pingeni kwa karatasi. Andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani, mbunge na mkuu wa wilaya, mkiambatisha hesabu zenu na mchoro wenu mbadala. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Msimchangie mtu fedha taslimu "ya kufuatilia" bila stakabadhi, hata kama ni mwenyekiti wenu mnayempenda.

Kurudi, na mwaka wa kwanza

Ugawaji uwe kwa kura ya wazi, uwanjani, majina yakisomwa kutoka daftari lile lile lililosainiwa. Kura ipigwe kwa makundi ya bidhaa, na majirani wa miaka mingi wanaotaka kukaa pamoja waruhusiwe kuchota karatasi moja kwa niaba yao wote. Mtoto wa shule achote. Matokeo yabandikwe jioni ile ile.

Msikubali kuingia kabla maji hayajatoka bombani na vyoo havijajaribiwa. Sherehe ya ufunguzi na kiongozi wa kukata utepe isubiri. Lori la taka liwe na ratiba kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu soko likinuka wiki ya kwanza mteja anahama, na kumrudisha ni kazi ya mwaka.

Sehemu ya ushuru iwekwe kwenye akaunti ya matengenezo isiyoguswa kwa jambo jingine, na taarifa yake ibandikwe kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kamati iwe na wanawake wasiopungua nusu pale ambapo wauzaji wengi ni wanawake. Wanaouza nje ya uzio wahesabiwe kila robo mwaka, na kabla ya kuwafukuza waulizwe kwa nini wako nje. Wakijibu kwamba ndani hakuna wateja, lango liko mahali pabaya, na lango linaweza kubomolewa na kuhamishwa. Tengeni fedha za kufanya hivyo tangu kwenye bajeti ya kwanza.